Mgonjwa wa Moyo na Matembezi ya Jamaa

Wasomaji wetu, na hasa ninyi wakuu wa nyumba na walimu, twapenda kunena nanyi habari ya jambo linalozisumbua nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, wala halisemwi sana. Ni habari ya mgonjwa wa moyo, siku ile jamaa wanapotaka kwenda matembezini.

Tuseme kuna baba mmoja wa Mbagala, ambaye daktari amemwambia ya kuwa moyo wake umedhoofika kwa sababu ya presha ya miaka mingi. Tangu siku hiyo mkewe humtazama kila apumuapo. Watoto wakiomba kwenda pwani huambiwa, "Nyamazeni, baba yenu mgonjwa." Mwaka wapita, na wa pili wapita. Watoto wajifunza kumwogopa baba yao kama chungu chenye ufa. Naye baba, akiona amekuwa kizuizi cha furaha ya wote, huanza kuficha maumivu yake asije akawazuia zaidi. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, maana mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Zamani hata madaktari walidhani ya kuwa dawa ya moyo ni kulala tu. Aliyepatwa na shambulio la moyo alilazwa kitandani majuma mengi. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walitoa habari za wagonjwa walioketishwa kitini mapema, wala hawakudhurika kama ilivyohofiwa. Mwaka 1955 Eisenhower, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, alishikwa na moyo. Daktari Paul Dudley White, aliyemwangalia, hakutaka ajifungie ndani, bali arudie kutembea na kazi yake kidogo kidogo. Mwaka 1956 alichaguliwa tena, akaishi hata mwaka 1969. Leo madaktari hufundisha ya kuwa, kwa wengi ambao hali yao imetulia, mwendo wa kadiri huusaidia moyo.

Lakini si wote. Aliyetoka hospitali juzi, au azimiaye, au ambaye miguu yake imeanza kuvimba upya, au ambaye milango ya moyo wake imekuwa myembamba mno, huyo angoje ruhusa. Basi hatua ya kwanza si kufunga kapu la chakula, bali ni kuuliza. Siku ya kliniki, iwe katika hospitali ya Temeke, au Mwananyamala, au katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili tangu mwaka 2015, mgonjwa na aulize mambo matatu: Niende mwendo gani? Dalili gani inisimamishe? Na dawa zangu nizitumieje nikiwa njiani? Neno hili la mwisho lina maana kubwa. Wako watu waachao dawa ya kutoa maji mwilini siku ya safari, kwa kuona haya ya kutafuta choo kila mara. Haifai kabisa. Afadhali kumwuliza daktari kama saa ya kuinywa yaweza kubadilishwa.

Ruhusa ikipatikana, chagueni mahali na saa. Jua la Desemba hata Machi ni kali sana Dar es Salaam. Miezi ya Juni hata Agosti, upepo wa kusi uvumapo, ni ya raha zaidi. Tokeni asubuhi, au jua likiisha kupungua. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kule Kijitonyama, kina nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali, na mtu aweza kutazama polepole na kupumzika kivulini. Coco Beach hufaa kwa kuketi na kuwatazama watoto wakicheza. Wanaokwenda Kigamboni wakumbuke ya kuwa siku za sikukuu watu husongamana kwenye kivuko. Lakini tangu mwaka 2016 liko daraja la kutoka Kurasini, na njia hiyo yaweza kumpunguzia mgonjwa kusimama na kusukumwa. Kipimo cha mwendo ni chepesi: akiweza kutembea huku anazungumza, ni vema, akikatika maneno kwa kukosa pumzi, wote wasimame.

Chakula nacho kina mitego yake. Mihogo ya pwani hunyunyiziwa chumvi na pilipili. Mwambieni muuzaji asitie chumvi, kwa maana chumvi huzuia maji mwilini na kuupandisha msukumo wa damu. Dafu ni zuri, lakini lina potasi nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au atumiaye dawa fulani za moyo, na amwulize daktari kwanza.

Tena, kabla hamjatoka, mmoja wenu apewe kazi ya kuchukua dawa na kadi ya hospitali, na kujua hospitali iliyo karibu. Maumivu ya kifua yasiyotulia kwa dakika chache za kupumzika, au kukosa pumzi ghafula, au kuzimia, hayangojwi mpaka watoto wamalize kuogelea. Mambo haya yakiisha kupangwa, haina haja kumwuliza mgonjwa kila dakika kama yu hai! Maswali ya namna hiyo humchosha kuliko njia.

Nanyi walimu, kumbukeni watoto. Wako ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na ugonjwa wa koo usiotibiwa vema. Wengi wao huchomwa sindano ya penisilini kila majuma matatu au manne. Msipange matembezi ya shule siku ya sindano ya mtoto, wala msimwache nyumbani pasipo kuwauliza wazazi wake na daktari. Mtoto aachwaye kila mara hujiona si mmoja wa wenzake, na jeraha hilo halina sindano.

Basi, jamaa wapendwa, hofu ni mlinzi mwema akikaa mlangoni. Akiisha kuingia na kuketi kitini pa baba, nyumba haina raha. Ulizeni, pangeni, kisha mtoke pamoja. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenda polepole naye hufika pwani.