Masaki kabla ya saa moja

Mtu akiniuliza akimbilie wapi Dar es Salaam, mimi humuuliza kwanza anaamka saa ngapi. Toure Drive ya saa 12 asubuhi ni barabara ya wakimbiaji. Ikifika saa 2, lami ileile imekuwa ya magari ya ofisini, mabasi ya shule na bodaboda, na anayekimbia pembeni anavuta moshi kuliko hewa. Wengi wanaokata tamaa na mbio za mitaani hawakukosea mtaa, walikosea saa.

Nakaa Msasani, na kwa miaka mingi nimekimbia na kuendesha baiskeli Masaki na Oysterbay. Ukitaka kuzifahamu njia za huku, anza na umbo la nchi yenyewe. Rasi ya Msasani imetokeza kuelekea kaskazini. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi iliyo wazi, magharibi ni ghuba na kijiji cha zamani cha wavuvi. Enzi za Waingereza, Oysterbay ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu. Ndiyo maana viwanja ni vikubwa, nyumba zimeachana na miti ni ya siku nyingi. Baada ya uhuru tukapata barabara zenye majina ya viongozi wa Afrika: Toure, Haile Selassie, Kenyatta. Nyuma ya mageti ni mali ya watu, lakini barabara ni ya umma. Anayetoka Mwananyamala au Manzese kuja kukimbia huku ana haki nayo sawasawa na mwenye nyumba.

Kwa anayeanza, namshauri njia ya pwani. Anzia Coco Beach, fuata Toure Drive kuelekea kaskazini hadi Sea Cliff, karibu na ncha ya rasi. Karibu yote ni tambarare, kwa hiyo magoti hayateseki. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mkimbiaji akae kulia ili ayaone yanayomjia. Ukienda kaskazini, kulia ndiko kwenye bahari. Ukigeuka kurudi, vuka barabara uhamie upande wa nyumba. Mwenye pumzi anaweza kurudi kwa Haile Selassie au Chole Road, na mzunguko mzima hautafika kilomita 10.

Halafu kuna upepo. Miezi ya kusi, katikati ya mwaka, upepo hutoka kusini, kwa hiyo ukitoka Coco Beach unakusukuma, na ukirudi unakupiga usoni wakati umeshachoka. Miezi hiyo ni afadhali kuanzia Sea Cliff, uanze kwa kupambana nao ungali na nguvu, kisha urudi ukisaidiwa. Kaskazi ikiingia kuanzia Desemba, mpango unageuka.

Njia ya pili ni mitaa ya ndani, ile mifupi iliyo kati ya Toure Drive na Haile Selassie. Huku magari ni machache, matuta yanapunguza mwendo wao, na vivuli vipo. Ukiwa na nusu saa tu, mitaa mitatu minne ukiizunguka inakutosha. Walinzi wa getini ndio watakaokujua kwanza. Yupo kijana mmoja ambaye kila nikipita huinuka kwenye kiti chake: "Shikamoo mama!" Namjibu, "Marahaba, mwanangu," nasonga mbele. Asubuhi moja alinyoosha mkono kabla ya salamu: "Mama, pita huku, mfuniko umevunjika." Mita chache mbele yangu, zege la kufunikia mtaro lilikuwa limekatika katikati, nondo zimechomoza, na chini yake maji meusi. Mvua ikinyesha, shimo kama lile hufunikwa na maji na huwezi kulitofautisha na dimbwi. Kwa hiyo masika usikimbie juu ya mitaro hata kama inaonekana kama njia ya miguu. Jihadhari pia na magari yanayotoka getini kinyumenyume, kwa maana dereva aliyezibwa na michongoma hakuoni.

Njia ya tatu ni ya waliokwisha kuzoea. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa mwaka 2022, likapita juu ya bahari kando ya lile la zamani la Selander. Linaunganisha upande wa Coco Beach na ule wa Hospitali ya Aga Khan, na lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Lina njia ya waendao kwa miguu, na ukilivuka unaweza kuendelea na Barack Obama Drive hadi mjini. Halina kivuli hata kidogo, kwa hiyo uwe umeshalivuka kwenda na kurudi kabla jua halijapanda.

Waendesha baiskeli wana la ziada. Wao hukaa kushoto, pamoja na magari, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kofia ngumu kichwani hata kwa safari ya dukani. Adui yao ni chumvi. Fundi wangu pale Msasani alinionyesha: akageuza baiskeli chini juu, akashika cheni kwa kitambaa kikavu, akazungusha pedali kinyume taratibu. Kitambaa kikatoka na rangi ya kutu. "Mama, hii ni bahari inakula," akaniambia. "Ukirudi futa, halafu tone moja la oili kila kiungo. Kinachozidi kifute, kitashika mchanga." Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na inaokoa cheni na gia zake.

Turudi kwenye saa. Novemba jua la Dar es Salaam huchomoza kabla ya saa 12, lakini Julai hukawia hadi kama saa 12 na nusu. Anayeshikilia saa ileile mwaka mzima atajikuta gizani miezi ya baridi. Kati ya Desemba na Machi joto lina unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Miezi hiyo punguza kasi, kunywa maji kabla ya kiu, na ukihisi kizunguzungu simama kivulini. Kwa dada zangu nasema hivi: tafuteni mwenzenu, waambieni wa nyumbani mnapita wapi, na acheni sikio moja bila muziki.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano, na hazihitaji ada ya gym. Zinahitaji raba imara na pembezoni mwa barabara panapopitika. Ndiyo maana nawaomba wenye magari wasiegeshe juu ya njia za miguu, na halmashauri ifunike mitaro iliyo wazi, si Masaki peke yake bali Tandale na Buguruni pia, maana mapafu ya watoto wa huko ni mapafu vilevile.

Nawe msomaji, usingoje upate mtaa wenye bahari. Chagua barabara moja karibu na kwako, ipite alfajiri, asubuhi na jioni, uone ni lini ina nafasi ya miguu yako. Ukishaijua saa yake, anza hata kwa kutembea.