Waviking: Waliogopwa kwa upanga, wakatajirika kwa mizani

UKITAJA Waviking, wengi hukumbuka mashua ndefu, moto na upanga. Sifa hiyo hawakusingiziwa. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini mwa Uingereza, wakaua na kupora. Lakini watu hawa wa Denmark, Norway na Sweden walikuwa pia wafanyabiashara wa masafa marefu, na biashara yao ilivuka mipaka mingi.

Kutoka kaskazini walipeleka ngozi zenye manyoya, nta, asali na watu waliowateka na kuwauza utumwani. Walifuata mito ya Volga na Dnieper hadi kwa wafanyabiashara Waislamu na hadi Constantinople, ambayo leo ni Istanbul. Walirudi na hariri, shanga za kioo na fedha.

Fedha hiyo ilikuwa hasa dirhamu, jina linalojulikana vizuri na wanaofuata bidhaa Dubai. Mviking hakujali sarafu imepigwa mhuri wa mtawala gani. Aliipima kwa uzito. Alikuwa na mizani ndogo ya kukunja na mawe yake, na bei ikidai kiasi kidogo alikata sarafu au bangili vipande. Aliyeshuku fedha bandia aliichanja kwa kisu. Mwaka 1999, huko Spillings katika kisiwa cha Gotland, Sweden, ilifukuliwa hazina ya takriban kilo 67 za fedha, yenye sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa za Kiarabu.

Mapatano baada ya moto

Njia ya Dnieper ilikuwa ya hatari. Kwenye maporomoko walilazimika kushusha mizigo na kuburuta mashua nchi kavu, huku Wapecheneg wakiwavizia. Mwaka 972, mtawala wa Kiev, Svyatoslav, aliuawa hapo.

Waviking waliokaa Kiev na kuchanganyika na Waslavi waliitwa Rus. Mwaka 941 mtawala wao Igor alishambulia Constantinople, na mashua zake zikateketezwa kwa moto uliorushwa kutoka meli za mfalme. Miaka michache baadaye pande hizo mbili zilifunga mkataba ambao mfanyabiashara wa mpakani leo angeuelewa mara moja.

Kila msafara ulitakiwa kuja na barua ya mtawala wake ikitaja idadi ya meli. Asiye na barua alizuiliwa hadi Kiev ijulishwe. Majina yaliandikwa, wageni wakapewa makazi nje ya ukuta, na waliingia mjini 50 kwa mara moja, bila silaha, kupitia lango moja. Hariri ilikuwa na kikomo cha thamani, na iliyonunuliwa ilipigwa mhuri na ofisa.

Masharti hayo yalibana, lakini mkataba wa mwaka 911 ulikuwa umeshaweka kinga pia. Meli ikivunjika, upande mwingine ulitakiwa kusaidia kuokoa shehena. Mrus akifia ugenini bila wosia, mali yake ilirudishwa kwa ndugu zake nyumbani.

Uporaji ulileta mali ya siku moja. Mapatano hayo yalimwezesha mtu kurudi soko lilelile mwaka uliofuata, na asiporudi, watoto wake wapate chao.