Chai ya Saa Kumi Isiyo na Ngano

Ngano, shayiri na rai zina gluteni, protini inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mgonjwa wa seliaki, protini hiyo huuchochea mwili kushambulia utumbo wake wenyewe, na tiba iliyopo ni kuziacha nafaka hizo maisha yote. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kikiingia katika kilo nzima ya unga wa mchele, kiwango hicho kinapitwa mara nyingi.

Anayeandaa chai ya kipaimara, sendofu au kikao cha harusi mjini Mafinga, wilayani Mufindi, hana haja ya kuagiza unga maalumu wa bei kubwa. Chakula kinachofaa kimejaa sokoni. Kazi ni kukilinda kisiguswe na ngano. Njia nafuu kuliko zote ni kuiondoa ngano kabisa siku hiyo, mandazi na sambusa zikiwemo. Hapo mafuta ya kukaangia yanakuwa mamoja, miiko haichanganyiki, na mgonjwa anakula wanachokula wenzake bila kutengewa kisahani pembeni.

Shibe itoke kwenye viazi vitamu, magimbi na viazi mviringo, mazao ya Nyanda za Juu Kusini yanayonunuliwa kwa debe au gunia. Robo kilo kwa kila mtu ni kilo 25 kwa wageni 100. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzijoto 94 hivi, hivyo viazi huchelewa kuiva kuliko Pwani. Sufuria zifunikwe vizuri na moto uwashwe mapema. Viazi mviringo vya kuchemsha vikipakwa parachichi lililopondwa kwa chumvi na limau havihitaji siagi.

Utamu wa meza ni vitumbua. Kwa kuwa mchele utalowekwa usiku kucha na kusagwa, hakuna sababu ya kununua wa daraja la kwanza: chenga za mchele wa Mbarali au Pawaga zinatosha, na bei yake ni ndogo. Zichaguliwe, zioshwe vizuri, kisha zisagwe nyumbani kwa blenda au kinu, maana mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani. Mchele hauna mnato wa ngano, kwa hiyo sehemu ndogo ya rojo hupikwa kwanza iwe uji mzito, ikipoa ikarudishwa kwenye rojo lililobaki pamoja na hamira, sukari na iliki. Nazi husafiri kutoka Pwani na huongeza gharama. Maziwa ya ng'ombe yanachukua nafasi yake bila kuharibu kitu. Juni na Julai, baridi ya Mufindi huchelewesha hamira, na rojo linapaswa kukaa karibu na jiko hadi liumuke.

Vya chumvi ni bagia za kunde, zilizolowekwa, zikamenywa na kusagwa, au kachori za viazi zilizochovywa katika rojo la unga wa mchele. Unga wa dengu wa kupimiwa dukani uepukwe, kwani huweza kuwa umechanganywa na ngano. Dengu nzima za kusaga mwenyewe ni salama zaidi. Unga wa lishe nao mara nyingi hutiwa ngano. Suji na tambi ni ngano tupu. Kashata za karanga ni rahisi na hazina gluteni, ila ziwekwe sinia la peke yake, kwa sababu wapo wanaodhurika na karanga.

Majani ya chai, ambayo Mufindi inayalima kwa wingi, hayana gluteni. Vikombe viwili vya robo lita kwa kila mgeni ni lita 50 kwa watu 100, na gramu 400 za majani zinatosha. Theluthi moja ya lita hizo ikiwa maziwa, chai inakuwa nzito ya kutosha. Watoto wapewe togwa ya mahindi iliyotiwa kimea cha ulezi, ambayo hutengenezwa siku moja kabla.