Maji Meupe Siyo Lazima Yawe Salama

Akina mama wengi tunayapima maji kwa macho: yakiwa meupe, tunampa mtoto. Lakini bakteria hawaonekani. Maji ya visima virefu vya Makutupora, yanayotumika mjini Dodoma, hutoka chini sana ardhini. Hata hivyo yanaweza kuchafuka njiani, kwenye bomba lililopasuka, tangi lisilofunikwa, au ndoo ya shule ya chekechea inayochotewa kwa kikombe cha kila mkono.

Wapimaji hutafuta bakteria aitwaye E. koli, aishiye matumboni mwa watu na wanyama. Akionekana, kinyesi kimeingia majini. Shirika la Afya Duniani linataka asipatikane kabisa katika mililita 100. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika mikoa mingi, Dodoma ikiwemo.

Mama, chemsha maji mpaka yatokote, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kuni zikiwa haba, tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo. Mtoto akiharisha, mpe mapema maji ya chumvichumvi, endelea kumnyonyesha, umpeleke zahanati. Na shuleni kwake uliza: tangi lilioshwa lini?