KISHONA NGUO NA NDUGU ZAKE: TUYAJUE MAJANI KABLA YA KUYATIA CHUNGUNI



Mvua zikishakolea, nyuma ya nyumba zetu na kando ya mitaro huota majani mengi, na watoto wanayachuma. Wengine wanachuma maua ya kuchezea, wengine wametumwa na mama kutafuta mboga ya kuongezea maharage ya mgao. Shida ni kwamba majani yanayofanana yanaota bega kwa bega, moja ni mboga na la pili linaharibu ini. Na sisi tuliokutana hapa kambini hatuna hata jina moja la kuyaita. Mboga ambayo mwenyeji anaiita mchicha, Mkongomani anaiita lengalenga. Kishona nguo, Mnyarwanda anakiita inyabarasanya. Basi mama akimwambia jirani yake "hiyo inaliwa", siyo lazima wawe wanazungumzia kitu kimoja.

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumechagua jamii moja tu ya mimea, ile ya alizeti, maana ndiyo iliyojaa kwenye vichaka vyetu.

Chukua ua la alizeti ulipasue katikati. Utaona kumbe siyo ua moja, ni mkutano wa vijiua mamia. Kila kijiua cha katikati kinazaa mbegu yake. Na yale ya njano ya pembeni, ambayo watoto wanapenda kuyang'oa, nayo ni vijiua. Yenyewe hayazai, kazi yake ni kuita nyuki. Pareto, saladi ya bustanini, umubirizi ule mchungu wanaotumia wazee, na kishona nguo, vyote vimejengwa namna hiyo. Ndiyo maana ni ndugu, na ndiyo maana rangi ya ua peke yake inadanganya. Lazima uangalie jani, shina, harufu na mbegu.

Tuanze na kishona nguo, kwa kitaalamu Bidens pilosa. Mbegu zake kila mtu anazijua: nyembamba, nyeusi, kichwani zina miiba miwili au mitatu inayong'ang'ania sketi ya shule. Hilo neno Bidens ni la Kilatini, maana yake meno mawili. Shina lake lina pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole unazisikia. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani limegawanyika vipande vitatu, pengine vitano, kingo zake zina meno kama msumeno. Ua ni la njano katikati, na pembeni linaweza kuwa na vijani vyeupe au lisiwe navyo kabisa. Majani machanga watu wengi wanayachemsha na kuyala. Yakikomaa yanakuwa magumu na machungu.

Sasa yuko jirani yake, Ageratum conyzoides. Huyu naye majani yake yanatazamana na kingo zina meno. Kikiwa kichanga, kishona nguo huweza kutoa majani ya kwanza ambayo hayajagawanyika, na hapo mtoto anaweza kuchuma vyote viwili kwenye mkono mmoja. Tofauti ni hizi: jani la Ageratum halijigawi hata likikua, lina umbo la yai, na shina lake lina manyoya laini bila pembe nne. Lifikiche jani, unuse. Linatoa harufu kali, wengine wanaifananisha na ya beberu. Ua lake ni kama pamba ndogo ya zambarau au nyeupe, halina vijani vya pembeni hata kimoja.

Tunalisisitiza hili kwa sababu siyo hadithi ya kutisha watoto. Huko Tigray, Ethiopia, kuanzia mwaka 2001 watu wa vijiji fulani walianza kuvimba matumbo, na wengi wakafa. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba gugu hili lilikuwa limechanganyika na nafaka yao. Sumu yake inakula ini polepole, mtu halalamiki siku hiyo hiyo, na kuchemsha hakuiondoi yote. Kwa hiyo wanaolichemsha na kulinywa kama dawa, tunawaomba waache. Na akina mama wanaopepeta nafaka za shambani, wachambue mbegu ngeni.

Mchunga ni rahisi zaidi, na wa pwani wanaupikia nazi. Iko aina mbili zinazojulikana sana. Mmoja jani lake limekumbatia shina kwa ncha kama masikio (Sonchus oleraceus), mwingine majani ni membamba yenye vipembe (Launaea cornuta). Yote miwili ukiikata inatoa maziwa, na ua ni la njano tupu, lote vijani, halina kitovu kama cha alizeti. Lakini maziwa peke yake siyo kibali! Mnyaa nao unatoa maziwa, na hayo yakiingia jichoni ni hatari. Mnyaa wala siyo wa jamii hii.

Gugu karoti, yaani Parthenium hysterophorus, si la kula kabisa. Kwanza linalala chini likiwa na majani yaliyochanika kama ya karoti, halafu linasimama na kujaa viua vyeupe vidogo sana. Kulishika kunawasha ngozi, na vumbi la maua linasumbua wenye pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yanabadilika ladha. Asili yake ni Amerika, na Ethiopia wanaamini liliingia pamoja na nafaka ya misaada. Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Ling'oeni kabla halijatoa maua, na mikono ivishwe mfuko wa plastiki.

Mtoto akishakula jani msilolijua, msingoje aanze kuumwa wala msimpe dawa za kubahatisha. Mpelekeni zahanati, na mchukue jani lenyewe, na ua lake kama lipo.

Kwa wazee wetu tuna ombi. Tunataka kuandika ukutani mwa darasa majina ya mimea hii kwa Kirundi, Kifuliiru, Kibembe, Kinyarwanda na lugha nyingine. Mkija, leteni mmea mzima wenye mzizi, jani, ua na mbegu, mmeufunga kwenye gazeti kuukuu ili usikunjike. Gugu karoti msilete, hilo tutalichora wenyewe.