Mwaka wa kwanza ku universite: kwa nini wengine wanaanguka, na namna ya kuwapokea



Siku hizi sisi wa mwaka wa mwisho tunasikia neno moja tu: Examen d'Etat. Tunasoma na taa, taa ikizima tunasoma na tochi. Ni vizuri. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwisha kujiuliza: nikipata diploma, nikafika ku universite, nitaishi namna gani mule mwaka wa kwanza? Ulizo hili ndilo nataka kueleza leo.

Ninaanza na habari ya kwetu nyumbani. Kaka yangu mukubwa alipata diploma na asilimia 68. Baba alichinja mbuzi, majirani wakaja. Kisha kaka akaenda muji wa mbali kwa masomo. Mu oditwari walikuwa mamia ya watu. Waliofika mapema sana walipata kiti, wengine waliandika wakisimama ku dirisha. Kaka hakujua silabusi inauzwa wapi. Hakujua kama kuna saa ambayo asistanti anapokea wanafunzi. Kufika mwezi wa pili somo la hesabu lilimushinda, lakini aliona haya: “Mimi niliyekuwa wa kwanza mu darasa, nitauliza nani?” Mwisho wa mwaka alirudi na sanduku yake, na baba alikaa siku tatu bila kumusemesha.

Kaka yangu hakuwa mujinga, wala hakuwa muvivu. Alikosa mutu wa kumuonyesha njia. Tangu siku ile nilianza kutafuta kama kuna mahali watu wamepata dawa ya jambo hili. Kumbe iko.

1. Habari ya Columbia

Mu Marekani, jimbo la South Carolina, kuna universite mu muji wa Columbia. Mwezi wa tano 1970 mule kulitokea fujo kubwa. Ulikuwa wakati wa vita ya Vietnam, na tarehe 4 ya mwezi ule askari walikuwa wameua wanafunzi wanne ku universite ya Kent State, jimbo la Ohio. Wanafunzi wa Columbia walikasirika, wakaingia kwa nguvu mu nyumba ya biro za wakubwa, wakaharibu vitu. Askari wakatupa gesi ya kutoa machozi.

Mukubwa wa universite, jina lake Thomas Jones, angeweza kufukuza watu tu, kisha kufunga mulango. Yeye alijiuliza: vijana hawa wanapofika hapa, ni nani anawapokea? Wanajifunza wapi kuipenda universite yao na kuiamini? Mu 1972 likaanza somo jipya kwa watu wa mwaka wa kwanza, linaloitwa University 101. Tangu 1974 mupaka 1999 liliongozwa na John Gardner. Huyu Gardner alijua anachosema, kwa sababu yeye mwenyewe, alipoanza masomo ku chuo cha Marietta mu Ohio, alipata pointi mbaya na kuwekwa chini ya onyo.

Somo hili linatembea namna gani?

a) Kikundi ni kidogo, watu karibu 20. Mu oditwari kubwa unaweza kukosa wiki mbili na hakuna anayejua. Mu kikundi cha watu 20 mwalimu anajua jina lako, na kiti chako kikiwa wazi anauliza.

b) Walimu wanatoka sehemu zote za universite, hata mu biro na mu maktaba, si maprofesa tu. Lakini kabla ya kufundisha, wanafundishwa wenyewe namna ya kupokea vijana.

c) Mwanafunzi wa miaka ya juu anakaa pamoja na mwalimu. Mupya anaogopa kuuliza profesa, lakini hataogopa kuuliza mwenzake aliyepita njia ile ile.

d) Somo linahesabiwa, lina kredi 3. Hata hapa kwetu, tangu mufumo wa LMD ulipoanza mu 2021-2022, tunajua maana ya kredi. Kitu kisichohesabiwa wanafunzi wanakiacha nyuma.

Na mule ndani wanafundisha nini? Kupanga saa za wiki. Kuandika noti wakati profesa anasema mbio. Kutafuta kitabu mu maktaba. Kutunza feza kidogo mupaka mwisho wa mwezi. Kulinda afya. Kupiga hodi ku mulango wa profesa na kumuuliza bila kutetemeka. Wengine watacheka: “Hayo nayo ni masomo?” Ndiyo, ni yale ambayo kaka yangu alikosa.

Universite ilihesabu wanafunzi wanaorudi kwa mwaka wa pili, ikaona waliosoma somo hili wanarudi kwa wingi kuliko wengine. Mutu mwenye akili atauliza: pengine wanaochagua somo hili wako na bidii tangu mwanzo? Ulizo ni la haki. Ndiyo maana haitoshi kuhesabu vichwa, inafaa kulinganisha watu walioingia na pointi zinazofanana. Pamoja na hayo, vyuo vingi vya Marekani vilifuata mufano huu, na mu 1986 Columbia ikawa na kituo cha kuchunguza mwaka wa kwanza na kusaidia vyuo vingine.

2. Habari ya Berkeley

Hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mu miaka ya 1970, ku universite ya Berkeley, jimbo la California, wanafunzi Weusi wengi walikuwa wakianguka somo la hesabu la mwaka wa kwanza. Watu walisema maneno rahisi: hawana bidii, wazazi wao hawajali, hawakutayarishwa. Mwalimu mumoja wa hesabu, Uri Treisman, hakutosheka na maneno. Alifuata wanafunzi Weusi 20 na wanafunzi 20 wenye asili ya China, akaangalia wanaishi na kusoma namna gani.

Aliona nini? Wale Weusi walikuwa na bidii nyingi. Walihuzuria masomo, walifanya kazi zote walizopewa. Lakini kila mutu alisoma peke yake, mulango umefungwa. Akikwama, anakwama peke yake, hajui kama kosa ni lake ao ni la kitabu. Wale wengine walisoma kwanza peke yao, kisha jioni walikutana, wakasahihishana, wakaulizana, wakajua wenzao wamefika wapi.

Basi Treisman akaanzisha vikundi. Na hapa tuangalie vizuri: hakuwapa hesabu rahisi za kuwaonea huruma. Aliwapa hesabu ngumu kuliko zile za darasa, wazifanye pamoja. Wanaoanguka wakapunguka sana.

Mu muji wa Kansas City, tangu 1973, Deanna Martin alitumia akili iliyo karibu na hii. Hakutafuta wanafunzi zaifu, alitafuta masomo yanayoangusha watu wengi. Mwanafunzi aliyepita somo lile vizuri anakaa tena mu darasa, kisha anaongoza mazungumuzo ya kila wiki, na yeyote anaweza kuja. Hivi hakuna anayeonyeshwa kidole kwamba ni mujinga. Haya inaondoka.

3. Na sisi hapa?

Mutu atasema: wale wako na feza. Lakini angalieni tena. Kikundi cha watu 20, mukubwa anayejua njia, saa moja kwa wiki: ni kitu gani hapo kinachoomba feza nyingi?

Kabla sijaendelea, niungame kosa langu. Mwanzo wa mwaka huu mutoto mupya alichelewa mara tatu ku kengele ya asubuhi mu interna. Mimi kapita nilimupa kazi ya kuchota maji. Mara ya ine nilimukuta anafunga sanduku yake. Hakuna mutu aliyekuwa amemwambia kwamba kengele ya kwanza ni ya kuamuka, na ya pili ni ya mustari. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia. Nilikuwa nikimufanyia yale yale yaliyomupata kaka yangu. Tulizungumuza, akabaki, na leo anasoma vizuri.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu:

Kwanza, kila mwanafunzi mupya wa interna apewe mukubwa wake mumoja kwa miezi mitatu ya kwanza, na mukubwa yule aulizwe habari zake.

Pili, Bwana Prefe akikubali, tupate siku za posho tatu nyuma ya Examen d'Etat kwa sisi tunaotoka. Wakubwa wetu walioko ku universite, wakirudi likizo, waje watueleze: kujiandikisha, kupanga chumba, kredi, silabusi, asistanti. Hata wale walioanguka waje. Wao wanajua shimo liko wapi.

Tatu, tuanze leo kusoma hesabu na fizika mu vikundi, lakini kila mutu ajaribu kwanza peke yake. Kikundi cha kunakili kaye ya mumoja si kikundi, ni wizi.

Kaka yangu alirudi ku masomo mwaka uliofuata. Safari hii alitafuta wenzake watatu, wakapanga chumba kimoja, wakasoma pamoja, akapita. Nilimuuliza siri yake ni nini. Alinijibu: “Nilijifunza kuuliza.”

Ninyi mutakaobaki hapa, musingoje mupaka muanguke kwanza.

Kapita mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho