Je, Wajua? Mabingwa Wasio na Breki

Je, wajua kuna mashindano ya pikipiki ambamo breki ni marufuku? Mchezo wenyewe ni spidiwei. Pikipiki ni ya cc 500, silinda moja, gia moja, inakunywa methanoli badala ya petroli, na haina breki mbele wala nyuma. Sababu ipo: madereva wanne wanaingia kona kwa pamoja, na mmoja akifunga breki ghafla, wa nyuma yake wanampanda mgongoni.

Je, wajua basi wanakata vipi kona? Kwa kuteleza. Tairi la nyuma linaachiwa lisepe kuelekea nje, usukani unaelekezwa kulia ilhali kona inakwenda kushoto, na mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, unaburuzwa ardhini. Kona zote ni za kushoto. Mwite dereva wa bodaboda atazame, atakuambia huyo keshaanguka.

Je, wajua mbio moja ni raundi nne tu na huchukua kama dakika moja? Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka na vumbi lake.

Je, wajua kijana aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara 6 alianza kwa kukosa namba? Ivan Mauger, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand, alifika London mwaka 1957 akiwa na miaka 17. Timu ya Wimbledon ilimpa nafasi chache mno, akarudi kwao. Mwaka 1963 akaibukia Newcastle, katika ligi ya chini, na mwaka huohuo akawa bingwa wa madereva wa ligi hiyo. Mwaka 1964 akarudia.

Je, wajua silaha yake kubwa ilikuwa nini? Kuondoka. Pale kwenye mstari dereva anainamia usukani ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, vidole vya kushoto viko kwenye klachi, injini inalia, macho kwenye utepe wa kuanzia mbio. Utepe ukiruka juu, klachi inaachiwa. Anayetangulia kwenye kona ya kwanza anachagua njia yake. Wengine wanakula mchanga unaorushwa na tairi lake. Mauger alikuwa hodari wa sehemu hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mataji yake mengi yalipatikana. Watu huuona mchezo huu kama wa vichaa, kumbe yeye alikuwa mtu wa hesabu na maandalizi.

Je, wajua yeye ndiye wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo: 1968, 1969 na 1970? Ule wa tatu aliutwaa Wrocław, Poland, mbele ya Wapoland wenyewe, kwa pointi 15 kati ya 15. Wamarekani wawili walikuwa wameahidi kwamba akifanikiwa, pikipiki yake itapakwa dhahabu. Ikapakwa kweli.

Je, wajua mji wa Christchurch umelea mabingwa watatu? Ronnie Moore mataji 2, Barry Briggs 4, Mauger 6. Jumla 12, kutoka mji mmoja wa nchi yenye kondoo wengi kuliko watu.

Je, wajua Mauger alitwaa Kombe la Dunia la timu akiichezea Uingereza, mwaka 1968, 1971 na 1972? Siku hizo timu ya Uingereza iliruhusiwa kuwaita hata madereva wa New Zealand na Australia.

Tukirudi kwenye ubingwa wake binafsi wa dunia, baada ya mataji ya 1972 na 1977 likaja la 1979, huko Chorzów, Poland, akiwa amebakiza mwezi mmoja hivi atimize miaka 40. Rekodi hiyo ya mataji 6 ilifikiwa 2005 na Msweden Tony Rickardsson. Na mwaka huohuo wa 1979 Mauger alitwaa pia Kombe la Dunia la timu, safari hii akiwa na jezi ya New Zealand.